Injini nyingine kwa trekta la zamani: shajara ya Cub Cadet 100

Oktoba 19, 2024

Leo jioni, saa kumi na nusu, trekta limenifia shambani. Nilikuwa nageuza udongo wa mwisho kabla ya baridi kuingia, upande ule wa bustani unaoteremka kuelekea mfereji, gia ya kwanza, plau imezama vizuri. Nikasikia chuma kinapiga chuma, mara tatu au nne, halafu kimya. Oili nyeusi ikamwagika kwenye nyasi. Nilipoinama nikakuta ubavu wa bloku umetoboka, tundu la kuingiza vidole viwili, na kipande cha konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, kimechungulia nje.

Injini imenoki. Kina mama waliokuwa wanang'oa mabua ya lengalenga (mchicha) wakaja wakasimama pembeni, mmoja akaniuliza, "Mwanangu, litapona?" Nikamjibu, "Injini hii haiponi tena, Mama. Trekta litapona." Nilisema hivyo bila kujua injini nyingine nitaitoa wapi, na kwa kuwa nimeshasema, itabidi iwe.

Naanza kuandika leo kwa sababu nawajua wenzetu wengi katika miji hii ya Marekani waliojipatia matrekta madogo ya kale kwa bei nafuu, na siku injini inapokufa wanaambiwa watupe. Nitaandika ninachofanya, ninacholipa na ninachokosea.

Kwanza mashine yenyewe. Ni Cub Cadet 100, rangi ya njano na nyeupe, iliyotengenezwa na International Harvester kati ya mwaka 1963 na 1965. Imetengenezwa hapa hapa Louisville, Kentucky, kwenye kiwanda kilichokuwa kando ya uwanja wa ndege. Wakati wa vita ya pili ya dunia majengo yale yalikuwa ya Curtiss-Wright, yakiunda ndege za mizigo za C-46. Vita ilipokwisha International Harvester wakayachukua, na kuanzia mwaka 1947 wakawa wanatoa humo trekta la Farmall Cub. Cub Cadet ya kwanza ilianza kutoka mwaka 1960 ikiwa na nguvu za farasi 7. Hili langu ni mdogo wake, lina nguvu 10. Kiwanda kilifungwa mwaka 1985.

Mimi nilifika mji huu miaka thelathini baadaye, kutoka kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, nikiwa na familia yangu na ufundi niliojifunza kambini kwa kufungua pikipiki na mashine za kusaga. Trekta nililinunua kwa mama mjane mwaka wa nne wa kuishi hapa. Tangu hapo limelima bustani ya familia kumi na moja: watu wa Kivu kule Kongo, Warundi, na sisi wa Fizi, Kivu ya kusini. Tunalima lengalenga, bilinganya chungu, maharage na mahindi ya kuchoma. Bila trekta ni jembe la mkono, na wengi wa wanaolima ni kina mama waliokwisha vuka miaka sitini. Kwa hiyo hesabu yangu ni moja: injini iwe imepanda kabla ya Mei.

Oktoba 26

Nimeshusha injini. Kazi ya saa mbili tu, na saa nzima imeishia kwenye bolti moja ya ekzosi iliyoshikwa na kutu. Nimeipaka mafuta ya kulegeza, nikaipasha moto, nikaigonga taratibu. Ukiivunja bolti ile ndani ya bloku umejiongezea siku mbili.

Hii ni Kohler K241. Silinda moja, cc 391, bloku ya chuma cha kuyeyusha, vali ziko ubavuni na siyo juu. Jambo la kulijua kuliko yote kuhusu injini hizi ni kwamba hazina pampu ya oili. Chini ya konrodi kuna kijiko kidogo kinachochota oili kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) kila krenki, yaani shafti kuu ya injini, inapozunguka na kuirusha juu. Oili ikipungua, au trekta likilala ubavu kwenye mteremko kwa muda mrefu, kijiko kinachota hewa. Na konrodi ni ya aluminiamu, inakaa moja kwa moja kwenye krenki bila bearing ya kubadilisha. Ikikosa oili kwa dakika chache inashika, inakatika, na kile kipande kilichobaki kinazunguka humo ndani kikitafuta pa kutokea.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Sikupima oili asubuhi ile, na nilikuwa kwenye mteremko. Wewe unayesoma, pima kila unapojaza petroli.

Nimeweka mezani vinavyofaa: silinda hedi, kabureta, flaiwili (gurudumu zito la kwenye ncha ya krenki) pamoja na sahani ya klachi iliyofungwa nyuma yake, koili, na ile mota moja inayofanya kazi mbili, kuwasha na kuchaji betri, iliyo kando ya bloku na kuendeshwa kwa mkanda. Hizo zote nzima. Bloku na krenki hazina maisha.

Novemba 23

Karibu kila mtu niliyemuuliza amenipa jibu lile lile: nunua injini mpya ya Kichina ya cc 420, aluminiamu, inawaka kwa mvuto mmoja, bei ni ndogo kuliko kufufua injini ya zamani. Wanasema kweli kuhusu bei. Na ingekuwa trekta langu ni Wheel Horse, wale wa South Bend, Indiana, au John Deere 110 ya zamani, ningefanya hivyo wiki hii hii, kwa sababu hao wanaendeshwa kwa mkanda. Unafunga injini, unapanga puli ziwe kwenye mstari mmoja, unaondoka.

Cub Cadet haina mkanda wa kuendeshea. Nguvu inatoka injini kwenda giaboksi kwa shafti ya chuma inayopita chini ya miguu ya dereva, moja kwa moja. Ndiyo sababu linavuta plau kuliko ukubwa wake, na ndiyo sababu nalipenda. Gia zenyewe ni uzao wa zile za Farmall Cub. Hakuna kinachoteleza.

Desemba 14

Rafiki mwenye karakana ameniazima injini mpya ya cc 420 nijaribu kwa macho yangu. Nimeiweka kwenye fremu bila kuifunga, nikakaa nayo mchana mzima, na nimeelewa kitu ambacho nilikisikia bila kukielewa.

Injini hizi zote, ya Kohler na ya Kichina, ukisimama mbele ya ncha ya krenki inayotoa nguvu, krenki inazunguka kinyume cha mshale wa saa. Ukizunguka upande wa pili, upande wa flaiwili, utaiona inafuata mshale wa saa. Ni krenki ile ile, umebadilisha pa kusimama tu. Sasa, kwenye trekta nyingi nguvu huchukuliwa kwenye ile ncha ya kawaida. Cub Cadet waliigeuza injini: flaiwili inatazama nyuma, kwa dereva, na shafti ya giaboksi inachukua nguvu kutoka kwenye flaiwili. Ile ncha ya kawaida inatazama mbele na kazi yake ni kuendesha kifaa cha kukatia nyasi.

Injini mpya inatoa nguvu kwenye ncha moja tu. Ukiielekeza ncha hiyo nyuma ili ikutane na shafti, giaboksi linazungushwa kinyume. Trekta langu lina gia tatu za kwenda mbele na moja ya rivasi. Ningepata gia tatu za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele.

Wapo watu waliotengeneza kiungo cha kufunga kwenye flaiwili ya injini mpya ili ielekee nyuma kama ya asili. Inawezekana. Lakini flaiwili ile haikutengenezwa ibebe shafti. Kiungo kikikaa nje ya kati kwa unene wa karatasi tu, shafti inayumba, na kinachoumia ni giaboksi, kitu pekee katika trekta hili ambacho siwezi kukibadilisha kwa urahisi. Sitalihatarisha giaboksi la miaka sitini kwa ajili ya injini ya miaka mitano.

Uamuzi: natafuta Kohler ya familia ile ile. Habari njema ni kwamba K241 ina ndugu zake wenye umbo moja kwa nje: K301 ya nguvu 12 na K321 ya nguvu 14. Hushikana na bolti zile zile. Tofauti iko ndani, kwenye upana wa silinda na urefu wa mwendo wa pistoni. Kinachohitaji uangalifu ni sampo, kwa sababu fremu ya Cub Cadet za zamani ni nyembamba na sampo yake ni ya pekee. Kwenye kibati cha injini, baada ya namba, kuna herufi. A maana yake sampo ya aina maalumu. Ikiwa huna A, usitupe sampo ya injini yako iliyokufa. Mimi ninayo, nimeiosha na kuifunga kwenye gunia.

Januari 11, 2025

Siku mbaya. Naiandika yote.

Nilipata tangazo la K321, saa moja na nusu kutoka hapa. Imepakwa rangi nyeusi inang'aa, na muuzaji akasema ilitolewa kwenye trekta ikiwa inafanya kazi. Dola 250. Kulikuwa na baridi kali, giza linaingia, akaniambia kuna mtu mwingine yuko njiani kuja kuichukua. Nikalipa.

Nyumbani nikaweka taa ubavuni. Chini ya rangi, mahali pale pale ambapo bloku yangu ilitoboka, kuna duara ambalo linang'aa tofauti kidogo. Nikakwangua kwa kisu. Siyo chuma, ni gundi ngumu ya kuzibia. Tundu lilizibwa, likapigwa msasa, likapakwa rangi. Nimepiga simu mara sita na hakuna anayepokea.

Iliniuma, na siyo kwa sababu ya fedha peke yake, ingawa dola 250 ni mbegu na mbolea za msimu mzima. Kilichoniuma ni kwamba aliyeziba lile tundu alijua. Alikaa na msasa akalifanya lisionekane.

Nimetoa humo vali, springi zake na kifuniko cha flaiwili. Bloku inaenda kwa chuma chakavu, ili asije mwingine akauziwa.

Februari 8

Mwezi mzima wa kutafuta na kukataa. Moja ilikuwa ya jenereta, krenki yake fupi. Nyingine ilikaa nje bila plagi tangu mwaka juzi, silinda imejaa maji. Ya tatu mwenyewe alitaka dola 700.

Mzee jirani yangu, ambaye alifanya kazi ujana wake kwenye kiwanda kile cha kando ya uwanja wa ndege mpaka kilipofungwa, ameniona nikihangaika gereji na akavuka barabara. Amelizunguka trekta mara mbili bila kusema. Halafu akaweka mkono juu ya boneti na kuniuliza namba ya fremu, nikamwonyesha. Hakuwa kwenye mstari wa kuunga haya madogo, aliniambia, yeye alikuwa upande wa kumimina chuma. "Lakini huenda chuma hiki kilipita mkononi mwa waliotufundisha." Ameahidi kuuliza wenzake waliobaki.

Machi 1

Wenzake wamejibu. Ng'ambo ya mto Ohio, karibu na Corydon, Indiana, kuna familia yenye Cub Cadet 129 ndani ya banda. Aina hiyo ilitengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1974, fremu nyembamba kama yangu, na injini yake ni K301A. Gia zake ni za mafuta, siyo za kubadilisha kwa mkono, na zimekufa miaka mingi. Injini imebaki.

Safari hii sikukubali haraka. Nimekwenda saa nne asubuhi, na Mzee amefuatana nami. Nieleze nilivyoikagua, maana hapa ndipo nilipopotea mara ya kwanza.

Nilianza na tochi na kisu, nikakwangua ubavu wote wa bloku chini ya silinda, mbele na nyuma. Uchafu mzito wa oili na nyasi kavu, na chini yake chuma kijivu kitupu. Nilifurahi kuuona uchafu ule. Injini chafu haijafichwa kitu.

Halafu nikatoa plagi nikaingiza kijiti cha mbao mpaka kikakaa juu ya pistoni. Nikaishika flaiwili na kuitikisa mbele na nyuma kidogo kidogo. Flaiwili ikisogea wakati kijiti kimetulia, na ukasikia mgongano mdogo, konrodi imelegea kwenye krenki. Ilisogea kidogo sana. Imechakaa, siyo imekufa.

Nikarudisha plagi, nikaizungusha flaiwili kinyume cha mwendo wake. Hili la kinyume lina maana. Injini hizi zina kifaa kwenye kemu (shafti inayofungua vali) kinachoinua vali kidogo wakati wa kuwasha ili izunguke kirahisi, kwa hiyo ukiizungusha upande wake wa kawaida utadhani haina kompresheni kabisa, na geji nayo itakudanganya hivyo hivyo. Ukiizungusha kinyume, kifaa kile hakifanyi kazi. Ilinikataa mkono. Ikanisukuma kurudi.

Mwisho nikashika ncha ya krenki na kuisukuma juu na chini, kutafuta ulegevu wa bearing. Hakuna.

Mwenye banda alitaka dola 175. Nimetoa bila kuomba punguzo. Amenipa pia kifuniko cha upepo, puli ya mbele na kopo la bolti. Mzee alikaa kimya njia nzima ya kurudi mpaka tulipofika darajani, akasema baba wa yule mwenye banda naye alikuwa mwenzao pale kiwandani.

Machi 8

Nimeifungua. Ndani kuna gia mbili za kusawazisha, zimeshikwa kwenye vijiti ukutani mwa bloku na kuzungushwa na krenki ili kupunguza mtetemo. Kohler waliziweka kwa nia njema. Lakini bearing zake zikichakaa na gia moja ikakatika, inavunja kila kitu mle ndani, bloku ikiwemo. Mafundi wengi wanaozijua injini hizi huzitoa na kuiacha injini itetemeke kidogo zaidi. Nimezitoa. Kwenye moja, sindano za bearing zilikuwa tayari zimeanza kula kijiti.

Vipimo. Silinda ya K301 ikiwa mpya ni inchi 3.375, karibu milimita 85.7. Yangu juu imepanuka kiasi kwamba pistoni ya kawaida haitafaa. Shingo ya krenki, pale konrodi inaposhika, inatakiwa iwe inchi 1.500 na duara kamili. Yangu imepungua elfu tatu za inchi upande mmoja kuliko mwingine. Hilo linaeleza ule mtikisiko mdogo wa kijiti.

Nikiifunga hivi hivi itawaka, na italima msimu mmoja. Sitaki msimu mmoja.

Machi 29

Bloku na krenki zimerudi kutoka karakana ya kuchonga vyuma. Silinda imepanuliwa kwa elfu ishirini za inchi, yaani nusu milimita, na shingo ya krenki imesagwa elfu kumi chini. Konrodi na pistoni za vipimo hivyo zinapatikana mpaka leo, kwa injini ambayo kiwanda chake kiliacha kuitengeneza siku nyingi. Uchongaji dola 190. Pistoni, ringi, konrodi, gasketi na sili dola 135. Nimetumia vali za ile injini iliyoniponza, baada ya kuzisaga kwenye viti vyake. Zilitoshea vizuri.

Aprili 12

Mvua za wiki iliyopita zimejaza mto Ohio mpaka barabara za kando ya mto zimefungwa. Bustani iko juu lakini sehemu ya chini imekuwa dimbwi. Hakuna kulima wiki hii hata kama trekta lingekuwa zima, kwa hiyo nimefunga injini bila haraka, milango ya gereji wazi, mvua inapiga bati.

Mambo matatu tu nayaandika kwa kirefu, mengine ni kufuata kitabu.

Konrodi ina alama, na kifuniko chake kina alama. Zikutane, na ziangalie upande unaotakiwa. Ukiigeuza, kijiko cha oili kinakaa vibaya. Nimepaka oili kila mahali chuma kinapogusana na chuma, nikakaza kwa spana ya kupimia, nikazungusha krenki, nikakaza tena. Baada ya kuona kilichotokea Oktoba, bolti hizi mbili nimezirudia mara nne.

Mwanya wa vali. Injini ikiwa baridi, vali ya kuingiza milimita 0.20 hadi 0.25, ya kutolea moshi 0.43 hadi 0.48. Ya kutolea inahitaji nafasi kubwa kwa sababu inapata moto sana na kurefuka. Ukiibana, haifungi ikichemka, na utatafuta tatizo kwenye kabureta wiki nzima.

Flaiwili. Ile ya 129 imefungwa kiungo cha gia za mafuta, hakina klachi kama yangu. Sikuhangaika kubadilisha kiungo. Nimechukua flaiwili ya injini yangu iliyokufa, pamoja na sahani yake ya klachi, nikaivisha kwenye krenki mpya. Koni ni ile ile, ufunguo ni ule ule. Sahani ile ndiyo inayolijua giaboksi langu, na nilitaka ibaki. Nimefunga pia sampo yangu ya zamani.

Aprili 26

Injini imepanda. Mzee alishika kamba ya kuning'inizia, mimi nikaongoza, bolti nne zikaingia zote bila kulazimisha hata moja. Shafti ikakutana na sahani. Mota ya kuwashia ikarudi ubavuni, mkanda ukakazwa.

Nimeweka platini, swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke, mwanya wa milimita 0.5, kisha nikaseti kwa taa ya majaribio: zungusha flaiwili taratibu mpaka herufi S itokee kwenye tundu, na pale pale taa izimike. Oili SAE 30 mpaka alama ya juu. Nimepima mara mbili.

Mara ya kwanza haikuwaka, wala haikukohoa. Cheche hakuna. Nilikuwa nimetumia kondensa ya zamani kwa sababu ilionekana nzima, na kondensa haionyeshi ugonjwa wake kwa nje. Nilikuwa na mpya kwenye kabati, dakika kumi imekwisha. Mara ya pili ikazunguka mara mbili, ikapiga moshi wa bluu wa oili niliyopaka, ikashika.

Mlio wake ni mzito kuliko wa K241. Nimesimama pale nikiusikiliza. Mzee alivua kofia. Niliiacha inguruma taratibu dakika ishirini, nikaizima, nikamwaga oili ile ya kwanza. Ilikuwa na vumbi la chuma kama unga wa fedha, jambo la kawaida kwa ringi mpya. Nimeweka nyingine.

Inatetemeka zaidi kidogo pale mwanzo wa kuongeza mafuta. Ikishapanda inatulia. Ndiyo gharama ya kutoa zile gia, naikubali.

Mei 10

Hapa Kentucky watu wanasema usipande mboga za joto mpaka mbio za farasi za Derby zipite, Jumamosi ya kwanza ya Mei. Zimepita wiki jana, na udongo umekauka vya kutosha.

Nimelima kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa saba. Gia ya kwanza kwenye udongo mzito wa chini, ya pili kwingineko. Kwa K241 ilinibidi niinue plau kila nilipofika kwenye lile tabaka gumu katikati ya bustani. Leo sikuinua. Injini ilishusha sauti, ikavuta, ikapita.

Kwenye mteremko nimebadilisha namna ya kulima. Sipiti tena kwa kukatisha, trekta limelala ubavu. Napanda na kushuka moja kwa moja, na kila baada ya mistari mitano nasimama pa tambarare kidogo, oili irudi kwenye kijiko. Inaongeza nusu saa. Nimepima oili asubuhi, saa nne, na mwisho. Haijashuka.

Yule mama aliyeniuliza Oktoba alikuwa anafuata nyuma yangu peku, akivunja madongoa kwa jembe. Nilipozima injini akasema, "Nilikuwa nasikiliza. Sasa linapumua vizuri." Kisha akaanza kumwaga mbegu za lengalenga zilizochanganywa na mchanga, na wenzake wakashika mistari yao.

Jumla: dola 175 injini, 190 uchongaji, 135 vipuri, 22 oili, plagi, platini na kondensa. Hizo ni 522. Ukiongeza 250 za ile iliyozibwa tundu, ni 772. Kina mama wamechanga 200 bila kuombwa.

Kazi zilizobaki: sili ya mbele ya krenki inatoa jasho la oili, nitaangalia baada ya saa kumi za kazi. Oili ibadilishwe tena baada ya saa tano. Na bolti za silinda hedi zikazwe upya injini ikiwa baridi, kesho asubuhi kabla ya kwenda kanisani.